Nukta kwenye mfuko wa saruji: mashine ya sukari inasema kweli kiasi gani?

Hapa Ruhwa mto ni mdogo lakini mipaka ni mingi. Ukisimama darajani, Burundi iko mbele yako na Rwanda iko mgongoni, na ukifuata maji yanakoelekea unafika pale Ruhwa inapoingia Rusizi, ng'ambo ya hapo ni Kongo. Sisi tunaoishi huku, wengine tumetoka Cibitoke, wengine Uvira na Kamanyola, na wachache walipita kwanza Nyarugusu kule Tanzania kabla ya kuja kukaa na ndugu zao Bugarama. Tumebeba vitu vya nchi nyingi: lugha, madeni, picha za zamani, na madaftari ya kliniki. Leo tunaandika juu ya hayo madaftari, na juu ya ile mashine ndogo ya kupima sukari inayoyajaza namba.

Mtu mmoja ana daftari la zamani la Bujumbura, limeandikwa 1,26. Mwingine ana la Tanzania, limeandikwa 7.0. Wa tatu amepimwa hapa Rwanda, 126. Wanakaa pamoja, wanaangaliana, wanaulizana nani anaumwa zaidi. Yule wa 126 anaanza kuhesabu siku zake. Kumbe ni sukari ileile kabisa! Moja ni gramu kwa lita, nyingine ni milimoli kwa lita, nyingine ni miligramu kwa desilita. Kutoka ile ya Tanzania kwenda ya hapa unazidisha kwa 18. Kutoka ile ya gramu unazidisha kwa 100. Basi. Na hiyo 126, kama mtu hajala tangu jana usiku, ndiyo mpaka ambao madaktari wanaanzia kusema huu ni ugonjwa wa kisukari, ingawa wanataka kipimo kirudiwe kabla ya kumpa mtu hilo jina.

Kwenye kikundi chetu tunakutana Jumamosi. Kazi yetu ya kawaida ni kusaidia wadogo zetu na hesabu na kusaidia wakubwa na simu zao. Lakini mashine za sukari nazo zilianza kuja, kwa sababu karatasi ya maelekezo iko kwa Kiingereza, na wazee wanajua vijana ndio wenye macho. Siku moja koko mmoja alituletea mashine mbili, moja yake na moja ya jirani. Alikuwa amejitoboa kidole kimoja, damu ileile, dakika ileile. Moja ilimwambia 118, nyingine 142. Akatuambia: "Wajukuu zangu, nyinyi mmesoma. Ipi inasema uongo?"

Tulipotafuta, jibu lilikuwa kwamba huenda hakuna hata moja. Kuna kanuni ya kimataifa ya mashine hizi, inaitwa ISO 15197, ya mwaka 2013. Inasema hivi: kama sukari ya kweli iko chini ya 100, mashine inaruhusiwa kukosea kwa 15 kwenda juu au kwenda chini. Kama iko 100 au zaidi, inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15. Na hata hapo siyo kila mara. Ni mara 95 katika kila vipimo 100. Sasa tuseme sukari ya kweli ya koko ilikuwa 130. Asilimia 15 ya 130 ni karibu 20. Mashine inaweza kusema chochote kati ya 111 na 149 na bado ikawa ni mashine nzuri. 118 imo. 142 imo.

Koko hakufurahi. "Kwa hiyo inaruhusiwa kudanganya?" Tukamwambia ndiyo koko, kidogo. Akauliza: "Kidogo ya nani?"

Hilo swali lilitukaa. Maana mtu anayesoma kanuni akiwa ofisini, 15 ni kidogo. Mtu anayejidunga insulini jioni, ambaye sukari yake ya kweli ni 60 na mashine inamwambia 75, hiyo 15 siyo kidogo. Chini ya 70 mwili unaanza kukosa sukari: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Chini ya 54 ni hatari kabisa, mtu anaweza kupoteza fahamu akiwa amelala na watu wa nyumba wakafikiri amechoka tu. Lakini mwenye 230 akiambiwa 260, usiku huo huo hakuna kitakachobadilika sana. Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza kwa hesabu, na ni dogo kuliko la kwanza kwa maisha. Namba ya "usahihi asilimia 95" iliyoandikwa kwenye boksi haikuonyeshi hilo. Lazima uchore.

Kuchora ni rahisi kuliko tulivyodhani. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kiko huku kwetu, kwa hiyo mifuko mitupu haikosekani. Tulipasua mmoja, tukaupangusa, tukaugeuza upande wa ndani ambao ni safi. Chini tukachora mstari wa kulala, kutoka 0 hadi 400: hiyo ndiyo sukari ya maabara, ile tunayoikubali kuwa ya kweli. Pembeni tukachora mstari wa kusimama, nao 0 hadi 400: hiyo ndiyo sukari ya mashine. Halafu tukavuta kamba kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Mashine ikisema kweli tupu, kila nukta inakaa kwenye kamba. Ikiongeza, nukta inapanda juu ya kamba. Ikipunguza, inashuka chini yake. Koko hajasoma sana lakini hili alilielewa haraka kuliko baadhi yetu, na ndiye aliyeanza kusema "nukta yangu imepanda" au "imeshuka", na sasa wote tunasema hivyo.

Huu mchoro hatukuubuni sisi. Mwaka 1987 daktari William Clarke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani walichapisha gridi yao ya makosa. Waliigawa karatasi kwa herufi tano. A ni pale mashine imekosea chini ya asilimia 20, au mashine na maabara zote mbili zinasema uko chini ya 70. Utafanya jambo lililo sawa. B ni pale kosa ni kubwa zaidi lakini halitakufanya ujidhuru. C ni pale utatibu kitu ambacho hakikuhitaji kutibiwa. D ni pale kuna hatari na mashine inanyamaza: sukari ya kweli iko chini ya 70, mashine inakuambia 110, unalala. E ni kinyume kabisa: iko chini, mashine inasema iko juu sana, unajidunga insulini zaidi. Kitu tulichokipenda ni kwamba Clarke hakuuliza tu "mashine imekosea kiasi gani?" Aliuliza "mtu akiiamini, atafanya nini?"

Ndiyo maana mashine mbili zinaweza kuwa na asilimia sawa na zisiwe sawa. Chukua mashine mbili, kila moja imekosea vibaya mara tano katika mia. Ya kwanza makosa yake yote yako juu kule, maabara 300, mashine 380. Ya pili makosa yake yako kwenye kona ya chini kushoto, maabara 50, mashine 120. Kwenye jedwali zinafanana kama mapacha. Kwenye mfuko wa saruji unaona moja ina nukta zimetawanyika mbali juani huko, nyingine ina nukta tano zimejikusanya ndani ya D. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukuonyesha ipi usimpe mama yako.

Baadaye wakaja wengine. Mwaka 1994, kwenye mkutano wa Chama cha Kisukari cha Marekani, madaktari 100 waliulizwa maoni yao kuhusu mipaka ya hatari ipite wapi, na gridi iliyotokana na hayo ilichapishwa mwaka 2000. Hiyo ndiyo inayotumika ndani ya ile kanuni ya 2013: vipimo 99 katika 100 lazima viwe ndani ya A na B. Halafu mwaka 2014 ikatoka nyingine, waliulizwa watu zaidi ya 200, wengi wao matabibu, na safari hii hawakuweka kuta kati ya herufi. Waliweka rangi, kijani inayogeuka polepole kuwa njano, halafu chungwa, halafu nyekundu ya kuiva.

Sisi tulidhani rangi ni mapambo tu, mpaka tulipoweka nukta ya dada mmoja, na tutaieleza huko chini.

Kwanza tuseme tulivyopata nukta, kwa sababu wengine watatuuliza maabara tumeitoa wapi. Hatuna maabara. Tuna watu wanaopangiwa kwenda kutolewa damu ya mshipa hospitalini. Tuliwaomba waende na mashine yao mkononi, na dakika ileile wanapotolewa damu wajitoboe kidole, waandike namba. Wakirudi na jibu la maabara tunaweka nukta. Waende bila kula, hilo ni la muhimu, kwa sababu baada ya chakula damu ya kidole inakuwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa, na utailaumu mashine bure. Nukta zetu hazifiki ishirini. Siyo utafiti, na hatuwezi kuutumia mfuko wetu kusema mashine fulani ni mbaya. Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, nukta mbili au tatu zake mwenyewe zinamwambia jambo ambalo boksi halimwambii.

Tuliziangalia nukta zilizopanda, tukaanza kuuliza kila mwenye nukta anaishije. Mambo mawili yakajirudia.

La kwanza ni mikono. Bugarama ni bonde la joto, la mpunga na maembe, na watu wanakula embe kwa mkono kama Mungu alivyopanga. Tone la damu analotaka hiyo mashine ni dogo sana, dogo kuliko punje ya mchele. Kidole chenye maji ya embe au ya muwa kikichanganyika na tone hilo, mashine inapima damu na embe pamoja. Mashine haijakosea hapo, imepima ilichopewa. Kunawa kwa maji na sabuni na kukausha vizuri kunatosha. Na kama huna maji ya kunawa, pangusa tone la kwanza, bonyeza taratibu, tumia la pili. Spiriti peke yake haitoi sukari yote kwenye ngozi, na kidole kikiwa bado kimelowa nayo kinaharibu kipimo kwa njia yake.

La pili ni bandeleti, hivyo vijiti wengine wanaviita stripu. Mashine yenyewe ni saa tu. Kazi ya kweli inafanyika kwenye bandeleti, ina dawa juu yake inayogusana na sukari na kutoa umeme kidogo ambao mashine inausoma. Hiyo dawa inaogopa joto na unyevu. Makopo mengi yameandikwa yakae chini ya nyuzi 30. Huku kwetu sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, bonde la Rusizi, mita 950 hivi juu ya bahari, chini ya bati la nyumba ya kupanga saa nane mchana, jamani, nani atapata 30? Tena kuna mama anayeacha kopo wazi ili "zipate hewa". Na kuna papa mmoja aliyegawana kopo na jirani, nusu akafunga kwenye karatasi ya plastiki. Hiyo nusu ya plastiki ndiyo iliyotoa nukta za ajabu kuliko zote mfukoni.

Hapa kuna mtego ambao ni wetu sisi wakimbizi zaidi. Wengi wanajua kuhifadhi insulini kwenye mtungi wa udongo wenye maji, na ni vizuri. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba kwenye kambi ya Dagahaley, kule Dadaab Kenya, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba insulini waliyoijaribu kwenye joto la namna hiyo ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Habari njema. Lakini utafiti huo ni wa insulini. Usichukue kopo la bandeleti ukaliweka kwenye mtungi eti napo pana baridi. Mtungi unapoa kwa sababu una unyevu, na unyevu ndio adui wa bandeleti. Zikae kwenye kopo lake, limefungwa, kivulini, mbali na jiko na mbali na bati.

Sasa turudi kwa zile herufi, kwa sababu hapa ndipo tulipogombana sisi kwa sisi, tena kwa sauti.

Clarke anasema B haina madhara. Wale madaktari 100 nao walijibu wakiwaza wagonjwa wao. Hao wagonjwa wana friji. Wana maji ya matunda ndani ya friji, wana bandeleti za kurudia kipimo, wana simu ya kuita gari. Wakiambiwa 68 wakati ukweli ni 90, wanakunywa glasi moja, mambo yamekwisha. Mwenzetu mmoja akasema gridi haiwezi kuwa ya kila mahali kama "atafanya nini" haiko sawa kila mahali. Mwingine akamjibu kwamba sukari mwilini haijui nani ni mkimbizi, 50 ni 50 Virginia na 50 Ruhwa. Wote walikuwa sawa, na ndiyo maana ugomvi ulichukua saa nzima.

Tukaamua kufanya kama wale wa 1994, lakini tuwaulize wenye ugonjwa wenyewe, hawa wa hapa. Swali moja: usiku, saa nne, umejitoboa, mashine inasema 68, unafanya nini? Majibu tuliyaandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa mfuko. Papa mmoja: anaamsha mtoto aende kukopa sukari dukani, na kesho deni linaandikwa. Mama mmoja: anakula ugali uliobaki wa asubuhi ya watoto. Mwingine: harudii kipimo kwa sababu bandeleti zimebaki nne na mwezi bado mrefu. Koko: "Nasali, halafu nasubiri jasho. Jasho likija nakula. Lisipokuja nalala." Na swali la pili, mashine inasema 260? Wengi walijibu kwamba hawali jioni hiyo. Wawili walisema wanaongeza insulini kwa macho, kidogo tu.

Ukiangalia hayo majibu, B yetu siyo B ya Virginia. Kosa la kukuambia uko juu wakati hauko juu linamlaza mtu na njaa baada ya kujidunga, na mtu aliyejidunga akalala bila kula ndiye huyo sukari inamshukia saa tisa usiku. Kwenye karatasi yao hilo ni kosa la kawaida. Sisi tulilipaka njano iliyokolea. Na kosa la kukuambia uko chini wakati hauko chini linakula chakula cha asubuhi cha watoto, jambo ambalo hakuna gridi inayolipima kabisa. Hatukuondoa mipaka yao. Tumechora yetu juu yake, kwa mkaa, ili anayeangalia aone zote mbili.

Kitu kimoja hatukukigusa, na tunaomba mtu asikiguse: ukitetemeka, ukitoka jasho, ukichanganyikiwa, usibishane na mashine. Hata ikikuambia 110. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena, halafu kula kitu. Mtu aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

Sasa yule dada. Alikuwa na mimba ya miezi sita, anajidunga insulini, na malaria ilikuwa imempiga mara mbili mfululizo, bonde hili tunalijua. Alienda kutolewa damu. Maabara ikasema 71, mashine yake 96. Tulipoweka nukta ikaingia B, karibu sana na ukuta wa D. Kama maabara ingesema 69 badala ya 71, nukta hiyohiyo ingekuwa D, hatari ya kunyamaza. Namba mbili tu, na mtu anahama kutoka "hakuna shida" kwenda "anaweza kufa". Hapo ndipo tulielewa kwa nini wale wa 2014 walibomoa kuta na kuweka rangi. Kwenye gridi ya rangi 71 na 69 ni majirani, kama zilivyo kweli.

Tukauliza kwa nini mashine yake imepanda hivyo wakati ananawa mikono na bandeleti zake ni mpya. Muuguzi ndiye aliyetufungua macho. Damu ina chembe nyekundu na maji yake. Mashine nyingi zimetengenezwa zikidhani chembe ni za kiwango cha kawaida. Mtu mwenye upungufu wa damu ana chembe chache, maji ni mengi, sukari inaifikia dawa ya bandeleti kwa urahisi zaidi, na mashine inasoma juu kuliko ukweli. Malaria inamaliza chembe. Mimba nayo inapunguza damu ya mtu. Kwa hiyo yule anayehitaji zaidi kujua kwamba yuko chini ndiye anayeambiwa kwamba yuko sawa. Mwenye chembe nyingi kupita kiasi, kwake ni kinyume, mashine inashuka. Mashine mpya kadhaa zinajirekebisha zenyewe kwa hili, na karatasi ya ndani ya boksi inaandika zinavumilia kiwango gani cha chembe. Sisi tunawatafsiria watu mstari huo kwanza kabla ya mistari mingine.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, na tunajua mnasoma. Mashine za msaada tunashukuru. Lakini huku kuna nyumba zina mashine tatu za aina tatu na hazina bandeleti hata moja inayoingia. Mashine bila bandeleti za mwaka mzima ni kioo tu. Mkileta, leteni pia ile chupa ya maji ya kujaribia, ambayo sukari yake inajulikana, ili tujue kama kopo limeharibika na joto. Semeni mashine imewekwa kwa kipimo gani, kile cha 126 au kile cha 7.0, kwa sababu mtu wa Nyarugusu akiona 54 kwenye mashine ya hapa anaweza kusoma 5.4 na kulala akiwa na furaha. Waelezeni watu kwamba "HI" kwenye kioo siyo salamu. Kwa mashine nyingi ni zaidi ya 600. Kijana mmoja aliijibu, tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Na msiamini boksi kwa sababu limeandikwa vizuri: mwaka 2018 Marekani walichapisha majaribio ya mashine 18 zilizokuwa sokoni kwao, zote na ruhusa, na ni 6 tu zilizofaulu. Kama kwao ni hivyo, wa hapa wafanyeje? Pimeni mashine mnazogawa dhidi ya maabara, mtuonyeshe nukta. Siyo asilimia. Nukta.

Tangu Burundi ilipofunga mpaka Januari 2024 baadhi yetu hawawezi tena kuvuka kwenda kwa daktari aliyewajua tangu utotoni. Daftari ndilo lililobaki, na sasa kila daftari linalopita kwetu Jumamosi tunaligongea mistari mitatu sambamba kwenye jalada la ndani, 0,70 na 3.9 na 70, halafu 1,80 na 10.0 na 180, ili mtu yeyote wa nchi yoyote akilifungua ajue anasoma nini.

Yule dada alipewa dawa ya kuongeza damu, na muuguzi akamwambia apime na usiku wa manane, na akiona chini ya 95 kwenye mashine yake ile ale kitu bila kubishana. Baada ya wiki kadhaa alirudi na namba nyingine, maabara 88, mashine 97. Tuliiweka nukta karibu na ile ya kwanza, tukaziunganisha kwa mstari wa penseli. Imeshuka kuelekea kamba. Ameomba tumwachie nafasi kwa nukta ya tatu, baada ya kujifungua.